Venye unaediti video ya mpira hadi msee anairudia

Ukitafuta video za Victor Wanyama, yule Mkenya alichezea Spurs (Tottenham), utapata nyingi na karibu zote ziko na lile goli la Anfield la Februari 2018, Spurs na Liverpool, lakini ni chache sana zitakufanya uongeze sauti. Klipu ni ile ile ya TV, kwa hivyo tofauti ni mkono wa mwenye ameediti. Wengi wanaanza na shuti. Mguu, wavu, goli lingine. Hapo umeshatupa utamu wote juu lile goli linaanza mapema, jamaa ametoka benchi dakika si nyingi, Spurs wako chini moja bila, krosi inaingia, Karius, kipa wa Liverpool, anaitoa na ngumi, mpira unakuja nje ya boksi na Wanyama anaugonga hapo hapo bila kuutuliza. Acha hizo sekunde zipite bila kukata na bila muziki. Mtu akianza kungoja umemshika.

Kwa hivyo goli moja zuri lipe sekunde kumi na tano ama ishirini, ata kama hiyo inamaanisha utoe magoli mengine sita. Itakuuma. Toa tu.

Kabla ufungue app ya kuediti kama CapCut ama KineMaster, sema kwa sentensi moja hii video ni ya nini. "Magoli ya Olunga" (straika wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa) si sentensi, ni jina la folda. "Harambee Stars walitoka nyuma mara mbili pale Cairo" sasa hiyo unaeza editi, ni ile mechi ya AFCON 2019 tulipiga Tanzania 3-2. Na hapa ndio mashabiki wengi tunaharibu, tunaweka magoli yetu matatu na ya adui tunayaficha, lakini wee fikiria, Olunga anasawazisha halafu dakika moja tu baadaye Samatta wa Tanzania anaturudisha chini. Ukitoa goli la Samatta, goli letu la tatu, lile Olunga alifunga, linakuwa goli tu kama lingine. Liweke. Liweke na watu wa Tanzania wakishangilia kabisa, mtazamaji akasirike kidogo, ndio mwisho ukifika ashuke kwa kiti.

Sauti ndio nusu ya kazi na wasee wanaichukulia mchezo. Wanatoa sauti ya uwanja yote wanabandika biti ya gengetone toka mwanzo hadi mwisho, sasa Kasarani imejaa na haisikiki, si ni hasara? Chukua CHAN ya Agosti 2025, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, ile siku Ogam wetu alifunga Morocco na tukamaliza mechi tukiwa watu kumi. Picha nzuri ni ya TV lakini sauti nzuri iko kwa simu za mashabiki waliokuwa ndani, zile klipu zinatikisika na hazionyeshi kitu. Chukua hiyo sauti uiweke chini ya picha ya TV. Kuzilinganisha tafuta kitu kinasikika pande zote mbili, firimbi ya refa inafanya kazi poa, ama ule mlipuko wenyewe wa goli. Halafu anzisha kelele ya watu kidogo kabla picha haijabadilika, sikio litangulie jicho. Kama ni derby ya Mashemeji wacha ngoma za isukuti za Ingwe (AFC Leopards) zisikike, na K'Ogalo (Gor Mahia) nao waimbe zao kwa Dholuo, hakuna muziki wa kudownload utashinda hiyo.

Muziki weka, sikatai, lakini uzime sekunde moja kabla mguu uguse mpira. Na usikate kwa kila biti, video inakuwa kama taa za matatu usiku. Kata pale mpira unagongwa, ama kipa anaruka, biti moja kati ya nne inatosha.

Sloo mosheni: klipu nyingi za mtandaoni ziko na fremu 25 kwa sekunde, ukipunguza mwendo nusu apu inarudia kila fremu ama inabuni zingine, picha inaanza kukwama kwama na miguu inayeyuka. Tumia marudio ya TV yenyewe, yale yalipigwa na kamera za mwendo mkali, yako laini tayari.

Ukikata picha iwe wima ya TikTok angalia sana nini unaacha nje. Goli la nne la Liverpool kwa Barcelona, 7 Mei 2019, mfungaji ni Origi, kijana wa Mike Okoth wetu, na kila mtu anamkazia yeye. Lakini goli lile ni Alexander-Arnold, beki wa Liverpool, kuacha kona kama anaenda zake, halafu anageuka anaipiga chap, mabeki wa Barca hawaangalii. Ukimkata kijana wa kona umebaki na mtu anapiga mpira. Sogeza fremu polepole kutoka kwa kona hadi boksi, ni kazi ya kusumbua kwa simu ndogo lakini fanya.

Za zamani ni ngumu zaidi. Gor walichukua kombe la Afrika la washindi wa makombe 1987 kwa Espérance, 2-2 Tunis, 1-1 Kasarani, wakapita kwa magoli ya ugenini. Picha ni chache, basi tumia za magazeti na umrekodi mzee mmoja aliyekuwa pale aongee juu yake. Sauti ya mzee akikumbuka inabeba kuliko picha zilizopakwa rangi na mashine.

Kupost sasa. YouTube inatambua klipu za ligi kubwa yenyewe, inaeza kuiblock ama pesa ya matangazo iende kwa wenye haki, na kuandika chini kwamba hukukusudia kuiba haisaidii kitu. Zile umerekodi mwenyewe ukiwa Nyayo hazina hiyo noma sana, ila biti ya mtu nayo hukamatwa. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama video ya kawaida inabanwa na nyasi inakuwa ugali wa kijani. Na jina lako liweke pembeni, si katikati ya uso wa mchezaji.