Ofa ya Pili Baada ya Mnada wa Mtandaoni: Kagua Kabla ya Kulipa

Ujumbe wa kuogopa zaidi huja baada ya kushindwa mnada: "Mshindi amejitoa, bidhaa ni yako kwa bei uliyotaja." Ofa kama hiyo ipo kweli, ila ya kweli kwa kawaida huonekana pia ndani ya akaunti yako. Basi usibonyeze kiungo. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya mnada, ingia, tazama ujumbe wako. Haipo? Futa.

Kiungo husomwa kutoka mwisho wa jina, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya "https://": katika mnada.com.malipo.example/ingia, mwenye tovuti ni malipo.example. Alama ya kufuli isikutulize. Huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na matapeli nao wanayo.

Muuzaji akitaka ulipe nje ya tovuti, hata kwa punguzo nono, achana naye: unapoteza ulinzi wa mnunuzi, na pesa uliyolipa kwa kadi za zawadi ni nadra kurudi.

Umeshaandika nywila kwenye ukurasa wa uongo? Ibadilishe sasa hivi, na kila pengine unapoitumia, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na ithibati ya pili kama msimbo wa simu. Kama ulitoa namba ya kadi, pigia benki kwanza.