Kabla hujanunua dawa ya kupuliza, tafuta bakuli jeupe

Hapa Arua mvua ikianza tu watu wanakimbilia dukani kununua dawa ya kupuliza, wanapuliza chumba mpaka watoto wanakohoa, alafu kesho usiku mbu wako palepale. Sababu moja ni kwamba mbu wengi wa Uganda wameshaizoea dawa ya jamii ya pairethroidi, na makopo mengi ya dukani ndo hiyohiyo. Ndo maana zikaletwa neti zenye PBO, kitu kinachomzuia mbu asiivunje sumu mwilini mwake. Zilijaribiwa hapahapa Uganda kuanzia 2017, wilaya ndogo za afya 104, na watoto waliopewa hizo walikutwa na malaria kidogo kuliko wa neti za kawaida. Kwa hiyo ukipewa neti yenye PBO usiifanye uzio wa kuku.

Lakini mi nataka tuongee habari ya maji. Mbu kutoka yai mpaka kuruka anachukua kama siku 7 hadi 14, na karibu muda huo wote yuko majini, hana pa kukimbilia.

Kuchota viluwiluwi, yaani watoto wa mbu walio majini, watafiti wana kata nyeupe yenye mkono mrefu, wewe chukua bakuli jeupe ulifunge kwenye kijiti. Weupe ni lazima, kwenye bakuli la kijani huoni kitu. Nenda asubuhi, simama ukilitazama jua ili kivuli chako kibaki nyuma, maana viluwiluwi vikipitiwa na kivuli au maji yakitikisika vinazama fyuu! na utarudi nyumbani unasema hakuna kitu. Tulia kama dakika mbili, alafu inamisha bakuli pembeni karibu na majani, maji yaingie yenyewe, usichote kama mtu anayechota ya kuoga. Kila dimbwi chota mara 10, uandike umepata vingapi, wiki ijayo ulinganishe.

Sasa angalia ndani. Kilicholala juu ya maji kama kijiti ni anofelesi, huyo ndo wa malaria. Kinachoning'inia kichwa chini ni kuleksi au aedesi. Vile vinavyofanana na koma, vinabingirika, ni pupa, kesho au keshokutwa vinaruka, hapo usingoje, mwaga leoleo kwenye udongo mkavu.

Watu wanasema mbu wa malaria anatoka chooni. Mara nyingi wa chooni ni kuleksi, yule wa kukupigia kelele sikioni. Anofelesi anapenda maji yaliyotulia yenye jua: mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe, alama za tairi barabarani. Aedesi, yule mweusi wa mistari meupe anayeuma mchana, yuko kwenye matairi na jerikani zilizokatwa, na hata kwenye kwapa la jani la mgomba! Huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, miaka ya 1940 watafiti wa Entebbe walimkuta hukohuko, walipokuwa wakichunguza homa ya manjano. Simaanishi ukate migomba bana, ila usiipande dirishani pa kulala. Mi nilizunguka mtaa mzima na bakuli langu, kumbe vilikuwa vimejaa kwenye kopo la kunyweshea kuku nyuma ya jiko langu mwenyewe.

Ukishajua viko wapi kazi ni ya kawaida, fukia, mwaga, funika, chagua siku moja ya wiki usiiruke. Pipa usimwage tu, lisugue ndani kwa brashi, mayai ya aedesi yananata ukutani na yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri maji. Shimo la matofali ni la mtu, usiende na jembe, nenda na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mkaongee. Pasipofukika kuna dawa ya Bti, ni bakteria wanaoua kiluwiluwi akiwala, ila pupa hali chochote kwa hiyo kwake haifanyi kazi, lazima uwahi. Oili chafu ya boda usimwage kwenye dimbwi, ng'ombe wanakunywa hapo.

Ukitaka kujua kama mbu wa ndani wamepungua, alfajiri toa vyakula, tandika mashuka meupe sakafuni, funga madirisha, puliza dawa, toka nje dakika 10, rudi uhesabu walioanguka. Mwenye tumbo jekundu amekula usiku huo, na huenda ni damu yako.

Alafu kwenye kuzunguka mtoni huku West Nile unaweza kukuta kitambaa kidogo, nusu bluu nusu neti nyeusi, kimesimamishwa kando ya maji. Usikichukue. Kina dawa ya mbung'o wa malale, anakifuata ile bluu akidhani ni mnyama, anagusa anakufa, na juzi nimekiona kimoja kimeshakuwa pazia la kibanda cha chapati.