Chanjo ya HPV: namna ya kumwambia mzazi, hatua kwa hatua

Uganda inatoa chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha kansa ya mlango wa kizazi, nchi nzima tangu Novemba 2015, na kwenye vituo vya serikali ni bure. Friji ipo, dozi zipo, lakini msichana wa miaka kumi anakuja na kidonda mguuni, kinasafishwa, kinafungwa, anaondoka bila kuchanjwa kwa sababu hakuna aliyemtajia mama yake. Mwongozo huu ni wa musawo (mhudumu wa afya) wa kituo cha ngazi ya pili au ya tatu anayeongea na wazazi kwa Kiswahili, awe Busia, Malaba, Arua, au kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali.

Hatua ya 1: Jua nani anastahili

Mpango wa taifa unalenga wasichana wa miaka 10. Shirika la Afya Duniani linataja miaka 9 hadi 14 kuwa kundi la kwanza. Kwa aliyepita 10 bila kuchanjwa, pigia simu msimamizi wa chanjo wa wilaya kabla hujamrudisha nyumbani. Idadi ya dozi isome kwenye waraka wa Wizara ya Afya wa karibuni, si kwenye bango lililofifia ukutani: tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali ratiba ya dozi moja au mbili kwa wasichana hawa, lakini anayeishi na virusi vya UKIMWI anahitaji angalau mbili, ikiwezekana tatu.

Umri ukiwa haujulikani na kadi imepotea, usiulize tarehe. Uliza mtoto alikuwa darasa gani shule zilipofungwa Machi 2020, au alikuwa ananyonya, au alikuwa bado tumboni wakati wa uchaguzi wa Februari 2016. Jaja (bibi) hukumbuka hayo vizuri kuliko tarehe.

Hatua ya 2: Toa taarifa, usiulize swali

Sema hivi:

"Mama Zaituni, binti yako amefika miaka kumi. Leo ni zamu yake ya chanjo ya kuzuia kansa. Ni sindano ya begani."

Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Kabla mama hajameza mate, musawo ameshaanza kujibu maswali ambayo hayajaulizwa. Ukisema "ungependa binti yako apate chanjo ya HPV?" umemwambia kwamba hata wewe una wasiwasi nayo. Hakuna anayeuliza "ungependa mtoto apate chanjo ya surua?" Mzazi bado ana haki ya kukataa, na ukimya wako unampa nafasi ya kusema.

Wakati mzuri ni siku za afya ya mtoto, Aprili na Oktoba, watoto wanapokuja kwa dawa ya minyoo. Lakini usizisubiri. Kila mama anayekaa mbele yako, hata amekuja kwa presha, muulize kama nyumbani kuna msichana wa umri huo.

Hatua ya 3: Chunga neno "kizazi"

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, na huharibika kwa sababu ya lugha.

Kiswahili cha mabango ni "chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi". Ni sahihi kabisa, lakini ni ndefu, na watu hukata maneno marefu. VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) akiipeleka kijijini inakuwa "chanjo ya mlango wa kizazi". Ikifika kisimani ni "chanjo ya kizazi". Na kwa mama ambaye kliniki amezoea kusikia "kufunga kizazi", maana yake ni moja tu. Kwa Kiganda mtego ni uleule: ndani ya *nabaana* (mfuko wa uzazi) anasikia *abaana* (watoto). Uvumi kwamba chanjo inafanya wasichana wawe tasa una vyanzo vingine pia, lakini huu tunaulisha wenyewe kila asubuhi.

Basi iite "chanjo ya kuzuia kansa". Wafundishe VHT wote jina hilohilo, na mtu wa kipaza sauti pia. Mzazi akiuliza kansa ya wapi, chora kibuyu kwenye karatasi, shingo ikiangalia chini, weka kalamu kwenye shingo: "Hapa, kwenye mlango wa mfuko wa uzazi." Akishaona mchoro, neno "uzazi" halimtishi tena, kwa sababu anaona kansa ndiyo inayokaa hapo, si sindano.

Swali la utasa likija, lijibu kwa mpangilio huu:

Kwanza usiseme "huo ni uongo". Umemwita mwongo dada yake au mchungaji wake. Uliza: "Umesikiaje?" Majibu hutofautiana. Mmoja anaogopa uzazi wa mpango wa siri, mwingine anaogopa kwamba watoto wetu wanafanyiwa majaribio, mwingine amesikia tu kwamba msichana fulani alizimia. Ukijibu hofu ya jirani yake badala ya yake, umemwongezea ya pili.

Pili, geuza upande. Kansa hii yenyewe ndiyo inayochukua uzazi: matibabu yake mara nyingi ni kuutoa mfuko wa uzazi au kuuchoma kwa mionzi. Mwambie, "Nataka aje akuzalie wajukuu, ndiyo maana nataka achanjwe." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko takwimu zozote.

Tatu, kama hofu yake ni majaribio, mpe majina ya mahali. Chanjo ilianza kutumika duniani 2006. Hapa kwetu ilianzia wilaya za Ibanda na Nakasongola mwaka 2008: Ibanda wasichana wa P.5 (darasa la tano), Nakasongola wa miaka kumi. Wasichana wale sasa ni watu wazima. Mwenye ndugu huko aulize.

Nne, rudi ulipoanzia: "Basi apate leo." Wengi hujibu swali vizuri, kisha wanasahau kupendekeza tena, na mama anaondoka ameelewa lakini hajachanjisha.

Tahadhari kadhaa, maana jibu zuri huharibiwa na ahadi moja mbaya. Usiseme "haina madhara yoyote". Bega litauma, homa ndogo inaweza kuja, na kesho yake utaonekana mdanganyifu. Usiseme "hatapata kansa kamwe". Aina ya 16 na ya 18 za virusi hivi, ambazo chanjo inazilenga, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya kansa hii, si yote, kwa hiyo akiwa mtu mzima bado atapimwa. Usianze na habari za ngono, hasa baba akiwepo. Lakini ukiulizwa, jibu waziwazi: virusi hupatikana kwa kujamiiana, na chanjo hufanya kazi vizuri ikitangulia. Baba akisema "binti yangu ni mdogo kwa mambo hayo", mkubalie. Chanjo ya pepopunda nayo hatungoji mtoto akanyage msumari. Kansa yenyewe huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza, kwa hiyo tunamchanja mtoto kwa ajili ya mama atakayekuwa.

"Mbona wasichana tu?" ni swali la haki, na likikosa jibu linarudisha hofu ya uzazi. Jibu: wavulana wanaweza kupewa, Australia na Uingereza wanawapa, mpango wetu umeanza na wenye mlango unaoshikwa na kansa.

Hatua ya 4: Akikataa

Uliza nani mwingine anaamua. Mara nyingi ni baba, jaja au ssenga (shangazi). Mpe mama nafasi ya kuja naye, na siku maalum. Andika kwenye rejista "amekataa, arudi tarehe fulani", si "amekataa" tu. Sheria ya Chanjo ya 2017 ina adhabu kwa mzazi anayekataa. Iache kwenye kabati. Mama aliyetishwa hakuletei hata mtoto mchanga.

Hatua ya 5: Sindano

Nusu mililita, kwenye msuli wa bega. Unaijua. Homa kali, ahirisha. Mafua madogo si sababu. Mjamzito asubiri ajifungue. Chanjo iliyowahi kuganda imekufa hata kama inaonekana nzima, kwa hiyo chupa zisigusane na barafu.

Jambo moja tu la kusimamia kwa ukali: kuzimia. Wasichana wa umri huu huzimia kwa woga wa sindano, na wakiwa kwenye foleni shuleni akianguka mmoja wanafuata wanne. Jioni kijiji kizima kinasema chanjo imeua. Chanja msichana akiwa ameketi, chumba kingine, mlango umefungwa, foleni isione. Atoke kwa mlango wa pili kama upo. Akae dakika 15 chini ya macho ya mwalimu. Uliza nani hajala tangu asubuhi, na hao wapewe uji kwanza. Akizimia mmoja, mlaze, inua miguu, na usikimbie. Ukikimbia wewe, wanakimbia wote.

Hatua ya 6: Kabla hajaondoka

Mwambie mama, msichana akisikia: bega litauma siku moja au mbili, lakini akipata uvimbe wa uso au akipumua kwa shida, arudi mara moja. Kama kuna dozi nyingine, andika tarehe kwenye kadi na kwenye rejista, pamoja na simu ya jirani, maana simu ya mama huzimwa. Kadi isikae ndani ya daftari la shule, itapotea mwisho wa muhula. Iwekwe pamoja na kadi ya mtoto mdogo wa nyumba, ile inayokuja kituoni kila mwezi.