Kabla giaboksi haijamwaga oili njiani: mambo ya kuzingatia kwa madereva wa malori Mombasa

Lori lililopakia kontena Kilindini likianza kumwaga oili ya giaboksi kwenye mlima wa Mazeras, dereva ana dakika chache tu za kuamua: asimame pale pale, au ajikaze afike Mariakani kwa fundi? Akijikaza, kazi iliyokuwa ya kubadilisha sili, yaani ringi ya mpira inayozuia oili isitoke, inageuka kuwa kazi ya kutafuta giaboksi nyingine. Uamuzi huo si wa kufanyiwa mlimani, malori mengine yakikupigia honi. Ufanywe gari likiwa bado yadi, na ufanywe na watu wawili, dereva na tajiri.

Naanza na tajiri kwa makusudi. Dereva mwingi anajua fika kwamba gari linatakiwa kusimama, lakini anaogopa simu ya kuulizwa mzigo umefika wapi. Kwa hiyo kaeni chini mkubaliane mapema: oili ya giaboksi ikimwagika, gari linasimama, na hakuna atakayelaumiwa kwa kuchelewesha kontena. Mkubaliane pia fundi gani ataitwa, nani atamlipa, na breakdown, lile gari la kuvutia, ya nani itakuja ikilazimu. Namba zao za simu ziandikwe kwenye karatasi ikae ndani ya kebini, na tanboi azijue, maana simu ya dereva inaweza kuzima chaji.

Jambo la pili ni kuijua oili ya gari lako. Usiseme tu "oili ya gia". Zipo giaboksi za gia za mkono zinazotumia oili nzito ya 80W-90, zipo zinazotumia oili ya injini, na za otomatiki zina oili yake nyepesi, ambayo mara nyingi ni nyekundu. Hata kwenye 80W-90 (namba ya uzito wa oili) kuna madaraja ya GL-4 na GL-5, na dawa zilizomo kwenye baadhi ya oili za GL-5 zinaweza kula ringi za shaba nyekundu au njano za kulinganishia gia kwenye giaboksi ambazo hazikutengenezewa oili hiyo. Soma kitabu cha gari, au kibao kilichobandikwa kwenye giaboksi yenyewe, kisha uandike aina hiyo kwa kalamu ya rangi juu ya dumu la akiba. Giaboksi ya lori kubwa inameza lita 10 na zaidi, kwa hiyo chupa moja ya lita haikusaidii kitu. Beba na pampu ya mkono, au faneli yenye mpira mrefu. Kizibo cha kujazia kwa kawaida kiko ubavuni mwa giaboksi, na bila kifaa hicho nusu ya oili itaishia ardhini.

Sasa uvunguni. Usiku tandika kadibodi safi chini ya giaboksi, asubuhi itazame kabla hujawasha gari. Tone la maji matupu ni la AC, kiyoyozi cha kebini, liache. Kijani au waridi yenye utelezi mara nyingi ni maji ya rejeta. Nyeusi na nyepesi, shuku injini. Nzito yenye harufu kali kama ya kiberiti ni oili ya gia. Nyekundu ni ya otomatiki, ingawa pawa stelingi nyingi nazo hutumia oili hiyo hiyo, kwa hiyo fuata mchirizi mpaka uone unakoanzia. Kumbuka pia kwamba upepo wa mwendo husukuma oili nyuma: penye unyevu mwingi si lazima ndipo panapovuja. Pangusa kwa kitambaa, zunguka kidogo, kisha rudi uangalie.

Shika kwa mkono mahali hapa: kizibo cha kumwagia, gasketi ya sampu (bakuli la oili la chini), sili ya nyuma pale inapoingilia propela shafti, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na kwenye tipa kile kifuniko cha gia inayoendesha pampu ya kunyanyulia bodi. Kwenye otomatiki fuata paipu zinazokwenda kwenye kipozeo cha oili. Sisi wa pwani tuzichunguze hizi zaidi, kwa sababu chumvi ya hewa inazila kutu kwa nje huku zikionekana nzima. Pitisha kidole, pakiwa na magamba, badilisha.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni brida, kile kitundu cha kupumulia kilicho juu ya giaboksi. Kikizibwa na vumbi na grisi, hewa iliyopata moto inakosa pa kutokea, na inaisukuma oili ipite kwenye sili ambazo hazina kasoro yoyote. Unabadilisha sili, wiki ijayo inavuja tena. Kisafishe kabla ya kumlaumu fundi.

Vifaa vingine havina maneno mengi: vibao viwili vya pembetatu, mawe au vigingi vya kuzuia tairi, tochi, glavu, beseni la kukingia, spana inayoingia vizibo vyako, klipu za hozi. Hozi ya akiba iwe ya kustahimili oili. Ile ya maji ya rejeta italainika na kupasuka.

Ikitokea, utajua: gia zinakwaruza au haziingii, otomatiki inapandisha mzunguko wa injini bila gari kuongeza mwendo, au unanusa kitu kinachoungua. Toka barabarani, simama pa tambarare kadiri inavyowezekana, funga breki, zuia tairi, zima injini. Usiingie uvunguni mara moja. Oili iliyotoka kupanda mlima ina moto wa kubabua ngozi, na ikidondokea egzosi inaweza kuwaka. Ukishaona kwamba kilicholegea ni kizibo au klipu tu, kaza, jaza, kagua tena baada ya kilomita chache. Kama ni sili iliyopasuka, kujaza na kukimbia ni kumwaga pesa. Ukishapita Samburu kuelekea Taru na Maungu mafundi wanakuwa wachache, kwa hiyo mashaka yoyote yamalizwe Mariakani. Na usiingize gari linalotona kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Oili iliyobaki kwenye lami ifunikeni mchanga mkavu, kisha mwambieni mtu asimame aonye. Bodaboda akiikanyaga kwenye kona ya Changamwe anaanguka mbele ya trela. Matawi na mawe mliyoweka kutahadharisha yaondoeni kabla ya kuondoka.

Gari likilazimika kuvutwa, propela shafti itolewe kwanza. Magurudumu yakizunguka yanazungusha na giaboksi kwa nyuma huku injini imezimwa, na hakuna oili inayopanda kulainisha gia za juu. Breakdown wengine wana haraka na watakwambia ni mwendo mfupi tu, wakatalie. Funga vikombe vya krosi, kile kiungo cha msalaba cha shafti, kwa waya visidondoke, na boliti zote zitie kwenye mfuko mmoja ukae na dereva.