Somo: Kutoka kibali cha kazi cha muda hadi ukaazi wa kudumu Kanada

Somo hili linawahusu ndugu zetu wa Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe walioko Kanada kwa kibali cha kazi cha muda, pamoja na wale wenye barua ya ajira mkononi wanaosubiri kuondoka. Tunaeleza njia ya Canadian Experience Class, yaani CEC, iliyo ndani ya Express Entry, mfumo wa uhamiaji wa Kanada unaowapanga waombaji kwa alama na kuwaalika wenye alama nyingi. Zipo nyingine, na jimbo la Quebec lina utaratibu wake, lakini CEC ndiyo inayomfaa mtu ambaye tayari yuko kazini kule. Haidai uonyeshe salio la benki, wala hailazimishi vyeti vyako vya shule vifanyiwe tathmini. Inachodai ni kazi. Na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu huanza kuulizia ukaazi mwaka wa pili, wakati jambo lenyewe liliamuliwa kwenye mkataba waliousaini kabla ya kupanda ndege.

Hatua ya 1: Ijue namba ya kazi yako

Kila kazi Kanada ina namba ya tarakimu tano katika orodha iitwayo NOC. Tazama tarakimu ya pili: hiyo ndiyo TEER, yaani ngazi ya ujuzi na mafunzo ambayo kazi inahitaji, kuanzia 0 (ya juu) hadi 5 (ya chini). CEC hupokea 0, 1, 2 na 3 tu. Dereva wa lori la masafa marefu ni 73300, yumo. Mpishi ni 63200, yumo. Msaidizi wa jikoni ni 65201, hayumo. Msaidizi wa wauguzi hospitalini ni 33102, yumo, lakini anayemhudumia mzee nyumbani kwake ni 44101, hayumo. Mvunaji wa shambani, 85101, naye hayumo.

Cheo kilichoandikwa kwenye mkataba hakitoshi. Ofisa husoma majukumu uliyoyafanya na kuyalinganisha na maelezo ya namba hiyo. Chukua mtu aliyeajiriwa kama mpishi, lakini tangu asubuhi anamenya viazi, anaosha masufuria na kupanga sahani, na jikoni hashiki mwiko hadi zamu inaisha. Huyo kwa karatasi ni 63200, kwa kazi ni 65201, na maombi yake yatakataliwa hata akifikisha miaka mitatu. Ukiona umewekwa kwenye kazi tofauti na mkataba, zungumza na meneja mapema, na mabadiliko yakifanyika yawe kwa maandishi.

Hatua ya 2: Timiza saa 1,560

Hizo ni saa 30 kwa wiki kwa mwaka mmoja, ndani ya miaka mitatu kabla ya kuomba. Ukifanya saa 60 kwa wiki kwa miezi sita hujatimiza mwaka, kwa kuwa saa zinazozidi 30 katika wiki hazihesabiwi. Saa 15 kwa wiki kwa miezi 24 zinakubalika. Kazi uliyofanya ukiwa mwanafunzi wa kutwa haihesabiwi, na kazi isiyo na kibali kadhalika.

Madereva, someni hapa mara mbili. Kuna wenye malori wanaomwambia dereva asajili kampuni yake ndogo ili alipwe kama mkandarasi, na wanamvutia kwa hundi nono isiyokatwa kodi. Kwa CEC, kazi ya kujiajiri haihesabiwi kabisa. Unaweza kuendesha semi-trela miaka miwili, ukavuka theluji za milimani usiku kucha, na hesabu yako ikabaki sifuri. Dalili ni rahisi kuziona: hupati hati ya mshahara yenye makato ya kodi, CPP (pensheni) na EI (bima ya ajira), na mwisho wa mwaka hupewi T4, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mapato na makato yako. Zikikosekana hizo, wewe si mwajiriwa.

Hatua ya 3: Linda hadhi yako ya uhamiaji

Kibali cha aina iliyofungwa kina jina la mwajiri mmoja, na kumfanyia kazi mwingine hata mwishoni mwa wiki ni kuvunja masharti. Omba kuongezewa muda kabla tarehe haijafika. Ukiomba ndani ya muda, unaruhusiwa kuendelea na kazi kwa masharti yale yale hadi jibu litoke. Ukichelewa, una siku 90 za kuomba kurejeshewa hadhi, na katika siku hizo hufanyi kazi.

Mwajiri akikunyanyasa, akakunyima mshahara au kukushikia pasipoti, usikae kimya ukidhani ukaazi utapotea. Tangu 2019 kuna kibali huria cha kazi kwa wafanyakazi wanaonyanyaswa, nacho hukuwezesha kuhamia kwa mwajiri mwingine.

Hatua ya 4: Mtihani wa lugha

Kama ni IELTS, mtihani wa Kiingereza, fanya General Training. Ile ya Academic haipokelewi hapa. Matokeo hugeuzwa kuwa CLB, kipimo cha lugha cha Kanada. Kwa kazi za TEER 2 na 3 kiwango cha chini ni CLB 5, kwa TEER 0 na 1 ni CLB 7. Lakini kiwango cha chini kinakuingiza mlangoni tu, wanaoitwa ni wenye alama nyingi. Asiye na mwenzi akipata CLB 7 kwenye stadi zote nne (IELTS 6.0 kila moja) huvuna alama 68. Akipata CLB 9 (kusikiliza 8.0, nyingine 7.0) huvuna 124, na juu yake huongezewa alama nyingine kwa lugha hiyo ikiambatana na elimu au uzoefu. Hakuna sehemu nyingine inayolipa hivyo kwa miezi michache ya kusoma. Umri nao haukusubiri: kwa asiye na mwenzi, miaka 30 ni alama 105, miaka 35 ni 77, miaka 40 ni 50.

Matokeo hudumu miaka miwili.

Hatua ya 5: Wasifu, mwaliko na nyaraka

Ukishaweka wasifu wako kwenye mfumo unasubiri mwaliko. Ukija, una siku 60 tu za kutuma maombi kamili, kwa hiyo nyaraka zikusanywe kabla.

Barua ya mwajiri iwe na nembo ya kampuni, cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara, majukumu yako, sahihi na mawasiliano ya msimamizi. Barua inayosema tu "ni mfanyakazi mwaminifu" haina kazi.

Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi, isipokuwa Kanada, uliyokaa miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Waliopitia Oman, Qatar au Saudia wakumbuke hili, maana kukipata ukiwa umeshaondoka ni safari ndefu. Anza na hicho.

Tangu tarehe 21 Agosti 2025, upimaji wa afya hufanywa kabla ya kutuma maombi, kwa daktari aliyeidhinishwa na uhamiaji wa Kanada. Cheti chochote cha Kiswahili kitafsiriwe, na mfasiri asiwe ndugu yako.

Maswali ya wanachama

*Pangani: Assalaam aleikum mwalimu. Nina wake wawili na watoto kwa wote. Niwaandike vipi?*

Waaleikum salaam kaka. Ndoa zako ni halali kwetu, lakini uhamiaji wa Kanada hautambui mitala. Mke wa ndoa ya kwanza ndiye anayeweza kutambuliwa. Watoto ni jambo jingine: waandike wote walio chini ya miaka 22 na hawajaoa wala kuolewa, wa mama yeyote, hata usiowalea na hata wasiosafiri. Mtoto uliyemficha leo sheria humwondoa kwenye wale unaoweza kuwadhamini kesho. Anayesafiri bila mzazi wake mwingine anahitaji ridhaa ya mzazi huyo kwa maandishi.

*Ngamiani: Wakala anataka nimlipe pesa za LMIA, anasema itaniongezea alama za ukaazi. Nimpe?*

Usimpe, dada. Ada ya LMIA, yaani idhini ya serikali anayoiomba mwajiri ili kuajiri mgeni, ni dola 1,000 za Kanada, hulipwa na mwajiri, na ni marufuku kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Alama za barua ya ajira nazo ziliondolewa tarehe 25 Machi 2025. Ikigundulika ajira ni ya kughushi, adhabu ni kufungiwa miaka mitano. Wakala muulize leseni, kisha hakikisha TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira Tanzania.

*Korogwe: Mimi niko shamba la mboga, TEER 5. Ndiyo basi?*

CEC haitakupokea, lakini baadhi ya majimbo huteua wafanyakazi wa TEER 4 na 5 kupitia programu zao, nje ya Express Entry. Soma ya jimbo ulilopo. Vinginevyo tafuta mwajiri wa kazi ya TEER 3, kibali kipya kikiwa kimetoka kabla hujaanza.

*Muheza: Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, pasipoti inasema Mwanahamis. Shikamoo.*

Marahaba binti. Rekebisha RITA au uhamiaji mapema ili herufi zilingane. Muda ukiwa umebana, apa mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na ambatisha kiapo hicho pamoja na vyeti vyote viwili.

*Chumbageni: Nikipata PR, uraia wa Tanzania unapotea?*

Haupotei. PR ni ukaazi, pasipoti yako inabaki ya Tanzania. Unatakiwa kuwa Kanada siku 730 katika kila miaka mitano. Ni pale mtu mzima anapochukua uraia wa Kanada ndipo anapoteza wa Tanzania, hivyo mwenye shamba au kiwanja nyumbani apate ushauri wa wakili kabla ya kujaza fomu hiyo.