Pete au nati ikibana uume, usisubiri kupambazuke

Ndugu zangu, hili watu hulificha kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo inayowaumiza. Pete, nati au mpira ukikaza kwenye uume, damu inaingia lakini kutoka haiwezi. Uvimbe unaongezeka, na kitu kinazidi kubana. Kila saa ina thamani.

Kama ni uzi au mpira na unauona vizuri, ukate taratibu kwa mkasi wa ncha butu. Kama ni pete, paka mafuta au sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika chache, kisha jaribu mara moja tu. Ikigoma, nenda hospitali usiku huohuo. Msumeno na grenda ya nyumbani usiviguse kabisa: chuma hupata moto na kuunguza ngozi.

Hospitalini wanaweza kuzungushia uzi kubana uvimbe ili pete iteleze, kutoa damu kwa sindano, au kukata chuma huku wakikimwagia maji na kukinga ngozi.

Ukiona ngozi imekuwa nyeusi au ya baridi, ganzi, au mkojo umegoma, kimbia. Mweleze daktari ukweli: ni kitu gani, na kimekaa tangu saa ngapi.