Kukagua gitaa la umeme la mtumba Mombasa kabla hujatoa pesa

Gitaa la umeme likikaa Mombasa hushambuliwa na hewa ya chumvi kwanza, kisha na mafundi wa kubahatisha. Likitaka kuuzwa linapigwa msasa kidogo, linang'arishwa, linapigwa picha nzuri. Mimi hutengeneza magitaa ya bendi za hotelini na ya makanisani, na mengi ninayoletewa, shida zake zingeonekana kwa nusu saa ya ukaguzi. Ubovu utaukuta tu, maana ni mtumba. La kujua ni ubovu upi unatibika kwa pesa kidogo na upi hautibiki.

Hatua ya 1: Gawa pesa zako

Ukiwa na shilingi 25,000, usizimalize zote kwenye gitaa. Tenga za kebo, za nyuzi mpya, za fundi, na za amplifaya kama huna. Kwa majina, Squier ni ya kampuni ya Fender na Epiphone ni ya Gibson. Yamaha Pacifica na Ibanez Gio nazo ni za kuaminika kwa anayeanza. Lakini jina la kichwani hubandikwa, kwa hiyo lisikupandishie bei kabla hujakagua.

Hatua ya 2: Kutaneni mchana, penye umeme

Mwambie muuzaji mapema: "Kaka, nakuja kulijaribu kwenye amplifaya, tukielewana nalipa hapo hapo." Anayetaka umtumie M-Pesa ya kukuwekea kabla hujaliona, achana naye. Muulize amelipata wapi, muandikiane, na akupe nakala ya kitambulisho. Vyombo vya kanisa na vya bendi huibwa sana. Ukinunua cha wizi umenunua kesi.

Beba kebo yako, rula, karatasi chache za fotokopi, tyuna ya kwenye simu, na mita ya fundi wa redio ukiweza kuazima.

Hatua ya 3: Shingo

Hapa usiwe na haraka. Litie tyuni kwanza, kwa sababu shingo isiyovutwa na nyuzi haikuonyeshi kitu. Kisha lishike upande wa mwili, uchungulie shingo kutoka chini hadi kichwani kama seremala anavyochungulia ubao. Kingo mbili za shingo zikienda pamoja, sawa. Ukingo mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, shingo imejipinda kama kamba. Hiyo rudisha, hata akikupunguzia nusu ya bei.

Sasa pima mbonyeo. Bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti (vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni) ya 1, ile iliyo karibu na kichwa, na kwa mkono mwingine uubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Uzi umenyooka, umekuwa rula yako. Angalia nafasi iliyobaki kati yake na freti ya 7 au ya 8. Karatasi mbili au tatu za fotokopi zikipita bila kuusukuma uzi, shingo iko vizuri: karatasi moja ina unene wa milimita 0.1 hivi. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, au uzi ukilalia freti kabisa, bado si mwisho. Ndani ya shingo mna chuma kirefu chenye nati ya kukaza na kulegeza. Muombe muuzaji akuruhusu uijaribu kwa ufunguo wake, robo mzunguko tu. Ikizunguka, hilo ni tengenezo dogo. Ikiwa imeshikwa na kutu au meno yameliwa, shingo haina tena wa kuirekebisha.

Gitaa lililoshuka na treni kutoka Nairobi likionekana limebadilika kidogo, usishtuke. Kule hewa ni kavu kuliko yetu, na mbao huvuta unyevu zikifika Pwani. Liache siku kadhaa kabla hujagusa nati.

Hatua ya 4: Freti na urefu wa nyuzi

Piga kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine. Wengi huishia freti ya 5 wakaridhika. Kwetu, kwenye muziki wa bango wa Pwani na wa rumba, solo hupanda juu kabisa, kwa hiyo freti za baada ya 12 ndizo utakazozitegemea. Sauti ikizimika ghafla au ikikwaruza, angalia freti inayofuata: huenda imenyanyuka. Moja au mbili fundi atazigonga zikae. Zikiwa zimechimbika mashimo chini ya nyuzi shingo nzima, kubadilisha zote kunaweza kukaribia bei ya gitaa lenyewe.

Kwa rula, uzi mnene uwe juu ya freti ya 12 kwa milimita 2 hivi, na mwembamba pungufu kidogo.

Hatua ya 5: Daraja

Freti ya 12 iko nusu ya uzi. Gusa uzi juu yake bila kuubonyeza, upate ile sauti ya kengele, halafu ubonyeze upige tena. Tyuna isome noti ile ile. Ya kubonyeza ikiwa juu, kitako cha uzi kwenye daraja (pale nyuzi zinapokalia mwilini) kinafaa kurudishwa nyuma kwa skrubu. Sasa tazama skrubu zenyewe, maana ndipo chumvi inapoanzia. Kutu ya juu juu si neno. Skrubu zilizoganda zisizozunguka ni daraja jipya, na hilo likatwe kwenye bei.

Hatua ya 6: Umeme

Chomeka, zungusha volumu na toni. Mkwaruzo ni vumbi, husafishwa kwa dawa ya kupuliza. Sauti inayokatika ukitikisa kebo ni jeki, yaani tundu la kuchomekea kebo, na hiyo ni bei ndogo.

Pikapu, yaani kile kifaa cha chini ya nyuzi kinachonasa sauti yake, ndiyo ya kuogopa. Ndani yake mna waya wa shaba wa unene wa milimita 0.06 hivi, umezungushwa maelfu ya mara, na kutu ikiukata, pikapu imekufa. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungulia volumu yote, weka mita kwenye ncha ya kebo, uhamishe swichi pikapu moja moja. Pikapu ya koili moja husoma kilo-omu 5 hadi 8 hivi. Ya koili mbili mara nyingi huzidi hapo. Mita ikisoma mamia ya kilo-omu, au isiposoma chochote, kuna waya umekatika. (Gitaa lenye betri ndani halipimwi hivi.)

Mvumo kidogo kwenye pikapu ya koili moja ni kawaida, na ukipungua unapogusa nyuzi, waya wa ardhi uko sawa. Ukihisi umeme unakutekenya vidoleni, zima kila kitu. Mara nyingi kosa ni la amplifaya au soketi isiyo na ardhi, na hilo huua.

Hatua ya 7: Bei, na wiki ya kwanza

Mtajie muuzaji ulichokiona, kimoja kimoja, na gharama yake. Ukishalinunua, badilisha nyuzi siku hiyo hiyo; anza na za inchi 0.009 au 0.010, yaani unene wa uzi mwembamba kabisa. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu za daraja, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na usilitundike karibu na dirisha linaloelekea baharini.